Siku moja na polaritoni jijini Paris

Saa 2 asubuhi. Maabara yetu iko chini ya ardhi, haina dirisha. Naangalia kwanza kraiostati, chombo cha kutunza baridi kali: kelvini 5, karibu nyuzi 268 chini ya sifuri. Heliamu imeshika vizuri usiku kucha. Ndani yake kuna kipande cha semikondakta kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba, galiamu asenidi iliyobanwa kati ya vioo viwili. Mwanga ukinaswa humo unakwenda na kurudi, unakutana na eksitoni (elektroni pamoja na tundu lililoachwa nyuma), na hivyo viwili vinabadilishana nishati kwa kasi hadi huwezi tena kuvitenganisha. Hiyo ndiyo polaritoni: nusu mwanga, nusu maada. Claude Weisbuch na wenzake waliionesha mwaka 1992.

Saa 3. Nawasha leza na kuvaa miwani. Mwanga wake ni wa nanomita 830 na ushee. Jicho linaona wekundu hafifu tu, na hapo ndipo ilipo hatari. Naufuata kwa kadi maalumu inayong'aa miale ikiigusa, kioo kwa kioo.

Saa 4 mpaka saa 7. Kusafisha polaraizesheni, yaani mwelekeo ambao wimbi la mwanga linatikisika. Watu hudhani kazi yetu ni nadharia. Sehemu kubwa ni hii. Kila kioo cha mezani kinachopinda mwanga kinauchezea kidogo: ulioingia ukitikisika mstari mmoja unatoka umeanza kuzunguka. Nisipopima baada ya kila kituo, jioni nitakuwa nimepima vioo vyangu, si polaritoni.

Chakula cha mchana, haraka. Mama ananitumia sauti ya WhatsApp: "Mwanangu, leo umetengeneza nini?" Namjibu: shikamoo mama, nimezungusha vioo.

Saa 8. Sasa utamu. Leza inaingia kwa mshazari, imetikisika wima tu. Polaritoni zinatawanyika pande zote bila kupoteza nishati, kwa hiyo kamera inaonesha pete. Napiga picha sita: wima, mlalo, mishazari miwili, mzunguko wa kulia na wa kushoto. Naondoa ya mzunguko wa kushoto kwenye ya kulia, na pete inagawanyika robo nne: nyekundu, bluu, nyekundu, bluu. Nyekundu ni spini (upande ambao mwanga unazungukia) ya upande mmoja, bluu ya upande wa pili, ilhali leza haikuwa na spini hata chembe!

Hakuna sumaku mezani. Kaviti, yaani nafasi kati ya vile vioo viwili, inachelewesha kidogo mwanga wa mtikisiko mmoja kuliko mwingine kadiri mshazari unavyoongezeka, na tofauti hiyo inafanya kazi ya uga wa sumaku: inazungusha spini, kila mwelekeo kwa namna yake. Wanafizikia Kavokin, Malpuech na Glazov walilitabiri jambo hili mwaka 2005, na mwaka 2007 likaonekana hapahapa Paris. Lakini polaritoni huishi pikosekunde (sehemu ya trilioni ya sekunde) chache tu kabla ya kuvuja kupitia kioo. Isipowahi kugeuka, rangi zinafifia.

Saa 10. Naigeuza leza itikisike mlalo. Rangi zinapaswa kubadilishana nafasi, na zimebadilishana. Kuna jambo moja tu: mwanzo nyekundu zilikolea kuliko bluu, sasa bluu ndizo zilizokolea.

Saa 11. Ubishi. Mwenzangu Mwitaliano anasema ni dirisha la kraiostati, limekazwa na ombwe, likauchezea mwanga. Mimi nasema ni fuwele yenyewe, ina mkazo ndani uliobaki tangu ilipokuzwa. Kugeuza leza hakutuamulii, maana vyote viwili vingetoa picha ileile. Kukizungusha kipande chenyewe nyuzi 90 kutatuamulia: dirisha halitasogea, kwa hiyo kama kosa ni lake picha itabaki hivyohivyo, kama ni fuwele, nyekundu zitarudi kukolea.

Saa 12 na nusu jioni. Nafunga heliamu na kuiacha kraiostati ipande joto usiku huu. Kesho asubuhi naifungua.