Jinsi ninavyowapanga watoto kulinda vitwitwi wa ufukweni New Jersey

Mtoto anayejitolea kulinda ndege hawa simpeleki kwenye kiota. Namweka penye njia ya kuingilia ufukweni, akiwa na bango na maneno machache ya kusema. Nasisitiza hilo kwa sababu watu wazima wengi huanza kwa kutaka watoto wayaone mayai, na hapo ndipo madhara huanzia.

Ndege wenyewe ni piping plover, jamii ya vitwitwi, waliowekwa chini ya sheria ya Marekani ya viumbe walio hatarini mwaka 1986. Hutaga mayai manne, yenye rangi ya mchanga, katika kishimo kidogo kisicho na kificho. Huatamia kwa takriban siku 25 hadi 28. Kifaranga hutembea saa chache tu baada ya kuanguliwa na hujitafutia chakula mwenyewe, lakini hawezi kuruka mpaka afikishe siku 25 hadi 35. Mzazi akifukuzwa kiotani mchana wa jua kali, mayai huungua. Huo ndio ubaya wa kundi la watoto kusimama karibu, hata wakiwa kimya.

Uzio wa nguzo na kamba huwekwa na wenye kibali, mita 50 hivi kuzunguka kiota. Sisi hutengeneza mabango. Mtoto achore kifaranga kando ya unyayo wa binadamu, ili mpita njia aone udogo wake, na maneno yasizidi manane. Kalamu za rangi hupauka upesi juani, kwa hiyo tunapiga picha mchoro na kuuchapisha kwenye plastiki ngumu. Ukitumia karatasi iliyofunikwa kwa plastiki, acha ukingo wa sentimita moja usio na karatasi na toboa matundu humo. Ukitoboa karatasi, maji ya chumvi huingia na bango huoza.

Kwa zamu, mtu mzima mmoja husimamia watoto watano, kwa dakika tisini tu, asubuhi. Mtoto husalimia kwanza, kisha huonyesha mchoro, kisha ndipo huomba: "Tafadhali mfunge mbwa wako kamba, vifaranga hawajui kuruka." Anayekataa haandamwi, mtu mzima humjulisha mlinzi wa ufukwe. Tiara nazo tunaomba zirushwe mbali, angalau mita 200, kwa kuwa ndege huzidhania kuwa mwewe.

Kazi ninayoithamini kuliko zote ni kufukia mashimo. Watu huchimba mchanga wakacheza, wakaondoka. Kifaranga akitumbukia hawezi kupanda, na vivyo hivyo kwenye mikondo ya magurudumu. Jioni watoto hupita nje ya uzio na kusawazisha kwa koleo za plastiki. Wakiokota taka, huokota kwa mkono na kuacha mwani palepale ulipotupwa na maji, maana wadudu wanaoliwa na vifaranga wamo humo. Reki hairuhusiwi. Mabaki ya chakula hayaachwi hata chembe: huwaita shakwe, kunguru na mbweha, na hao wakishashiba chipsi hugeukia mayai.

Kabla ya zamu ya kwanza nawafundisha dalili moja: ndege mzima akiburuta bawa kama amevunjika, hajaumia. Anakuvuta utoke kwenye kiota. Simama, tazama chini ya miguu yako, rudi ulikotoka kwa nyayo zilezile. Mtoto asiyeambiwa mapema atamfuata ndege ili amsaidie. Kifaranga anayeonekana peke yake naye haokotwi. Mzazi yupo jirani.

Maji ya bamvua yakizoa kiota, mara nyingi ndege hutaga upya, hivyo zamu huweza kusogea hadi Agosti. Vifaranga wa mwisho wakisharuka, tunakusanya mabango, tunayaosha kwa maji yasiyo na chumvi na kubadili vifungo vilivyoshika kutu. Ndege hurejea Machi, na mabango yanapaswa kuwa tayari kabla yao.