Fuata shingo, achana na ufunguo

Hii stori nimeshaisoma mara tatu, na mara ya kwanza nakiri nilikuwa naruka. Nikikuta jina la opera, au mchoraji, au mtakatifu fulani, najisemea aah haya mapambo tu, mwandishi anataka tujue kasoma, nasonga mbele kutafuta damu. Nazungumzia The Bloody Chamber ya Angela Carter, mwandishi Mwingereza, ile hadithi ya kwanza iliyokipa kitabu chote jina, 1979. Ni ile ngano ya zamani ya Ndevu Bluu imeshonwa upya: tajiri anaoa binti, anamkabidhi funguo zote, anamwambia fungua popote ila kile chumba kimoja, halafu anasafiri. Mnajua kinachofuata. Binti anafungua, ndani kuna miili ya wake waliomtangulia.

Hiyo ngano ya zamani, mwandishi Mfaransa Charles Perrault aliichapisha mwaka 1697, na mwishoni akabandika funzo kwamba udadisi wa wanawake huishia kwenye majuto. Yaani mtu ana chumba cha maiti nyumbani kwake halafu anayesemwa ni aliyefungua mlango! Ni ileile asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na miaka yote niliyoisikia hiyo methali sikuwahi kuuliza mkuu mwenyewe kafanya nini.

Wengi wakiisoma hii hadithi macho yanaganda kwenye ufunguo. Mi nasema achana nao, fuata shingo.

Anza na zawadi ya harusi. Mume hapewi jina, ni Markizi tu, cheo cha kikabaila (na Sade, yule mwandishi Mfaransa wa hadithi za ukatili wa kimapenzi, naye alikuwa markizi, na mwaka huohuo wa 1979 Carter alitoa kitabu kizima kuhusu Sade, kwa hiyo msiniambie imetokea tu), anamvalisha binti wa miaka 17 mkufu wa rubi unaobana shingo, upana wake inchi mbili. Hadithi yenyewe inaeleza ulikotoka: baada ya ule ugaidi wa mapinduzi Ufaransa, makabaila walionusurika gilotini, ile mashine ya kukatia vichwa, walikuwa wanajifunga utepe mwekundu shingoni, palepale ambapo lile panga lingepita, utani wa watu waliopona chupuchupu, na bibi yake Markizi akaona utepe hautoshi, akatengenezewa wa rubi. Sasa tulia hapo. Kwa yule bibi ilikuwa kumbukumbu ya kifo kilichomkosa. Mjukuu anamvalisha msichana ambaye kifo bado hakijamfikia, yaani ni kama fundi cherehani anavyochora mstari wa chaki kabla hajashika mkasi. Na anazibusu zile rubi kabla hajambusu mdomo. Mara ya kwanza nilipita hapo nikaona mahaba!

Halafu kuna picha. Binti ni mpiga piano, kwa hiyo kule kwenye kasri la baharini mume kamwandalia chumba cha muziki, piano mpya, na mchoro wa kale wa Mtakatifu Cecilia na kinanda chake. Binti anafurahi, anamwangalia yule mtakatifu na kujiona vile ambavyo angetamani kuwa. Cecilia ndiye msimamizi wa wanamuziki, nani angelalamika? Ila ukimjua Cecilia mwili unasisimka. Masimulizi yanasema aliyetumwa kumuua alimpiga upanga shingoni mara tatu na kichwa hakikutoka, akakaa siku tatu ndipo akafa. Kule Roma kuna sanamu yake ya marumaru iliyochongwa na Stefano Maderno, ya mwaka 1600, kalala ubavu, uso umegeukia chini huuoni, unachoona ni shingo na mkato wake. Hiyo ndiyo zawadi. Kurasa kadhaa mbele, Markizi akishajua mlango umefunguliwa, anamwambia mkewe ajiandae kufa shahidi, na binti anapouliza kwa namna gani jibu ni kukatwa kichwa. Hilo neno shahidi nililiona kejeli tu ya mtu katili, kumbe jamaa alishalitundika ukutani siku ya kwanza.

Tristan und Isolde, opera ya Wagner, nayo imo. Kabla ya harusi wanaenda kuisikiliza, na kule mwishoni Isolde akiimba mbele ya mwili wa Tristan mpaka naye anakata roho, binti moyo unamjaa hadi anadhani lazima atakuwa anampenda kweli huyu mwanaume. Kumbe alichopenda ni muziki. Na mke wa kwanza wa Markizi alikuwa mwimbaji wa opera, binti alishamsikia utotoni akiimba hiyohiyo Isolde. Ile kadi ya mke wa tatu yenye makaburi ya Transylvania na jina la Dracula naipita, hapo naona mwandishi kazidisha chumvi kidogo.

Kuna fundi wa piano, kipofu, anaitwa Jean-Yves, ndiye anayebaki na binti saa ile mbaya. Anamwambia umemkaidi, hiyo inamtosha kukuadhibu. Binti anajibu nimefanya tu kile alichojua nitafanya. Naye anasema: kama Hawa. Mi hapo niliweka kitabu chini, maana ukimwita binti Hawa, basi aliyepanda mti na kuuonyesha kwa kidole ni nani? Markizi kajipa kiti kisicho chake.

Sasa kwa Perrault wanaookoa ni kaka zake wawili, wanajeshi. Kwa Carter ni mama mtu, ambaye ujanani alishampiga risasi chui milia mla watu huko Indochina, anakuja na farasi kupitia majini, sketi kaipandisha na kuikunja, mkononi bastola ya marehemu mumewe. Markizi anaganda na upanga juu kama aliyemwona Medusa, yule mwanamke wa ngano za Kigiriki ambaye ukimtazama unageuka jiwe, na sentensi hiyohiyo inaongeza: kama wale wanasesere wa mashine wa Ndevu Bluu wanaowekwa kwenye masanduku ya kioo kwenye maonyesho. Medusa alikatwa nini? Kichwa, na shujaa Perseus, na hata kilipokatwa kiliendelea kugeuza watu mawe. Na wanasesere ndiyo hadithi inajitaja yenyewe, mtu aliyekuwa anawapanga wenzake kama picha za ukutani kaishia kuwa kichezeo cha watoto kuchungulia.

Imebaki ile alama. Markizi alimgandamiza ufunguo wenye damu kwenye paji la uso, doa la umbo la moyo likabaki na halifutiki, na msimulizi analifananisha na alama ya Kaini. Anashukuru Jean-Yves haioni kwa vile inamtia aibu. Lakini Mwanzo 4 inasema Kaini aliwekewa alama ili yeyote atakayemkuta asimuue. Nadhani binti kaisoma vibaya, kama alivyomsoma Cecilia.