Kabla kidonda hakijatoka, jeni zishavurugika

Watu wakisikia saratani ya mdomo wanawaza kile kidonda kisichopona, na ni kweli, ila kidonda kinakuja mwishoni kabisa, mambo yalishaharibika kitambo huko ndani ya seli na mtu yuko zake barazani anatafuna tambuu.

Mara nyingi kinachoanza kupotea ni p16. Hii protini ni breki, inaizuia seli isijigawe ovyo, na jeni yake iko kwenye kromosomu ya 9. Ikifutika, au ikizimwa tu bila kufutika, seli zinaanza kuzaliana, na hapo kwa macho huoni kitu au labda kiraka cheupe ambacho hata ukisugua hakitoki. Baadae inakuja zamu ya p53, kazi yake kuisimamisha seli yenye DNA mbovu irekebishwe au ife. Sa cha ajabu, p53 ikiharibika mara nyingi haipungui, inajazana! Manake ile nzima inavunjwa haraka, mbovu haivunjiki, ndo maana maabara wanaiona nyingi na hiyo nyingi sio habari njema hata kidogo. Huku EGFR, inayopokea ishara za kukua, inaongezeka, alafu E-kadherini inayoshikanisha seli na seli inapungua, hapo ndo zinaachana, zinazama ndani kwenye nyama mpaka zinafika tezi za shingoni.

Na popoo, ile inayotafunwa ndani ya tambuu, jamani... wengi tunaogopa tumbaku tu, lakini IARC, shirika la utafiti wa saratani la WHO, walishasema 2004 kwamba hata tambuu isiyo na tumbaku inaleta saratani. Popoo ina arekolini, inazifanya seli zitengeneze kolajeni, zile nyuzi ngumu za mwilini, kupita kiasi, shavu linakakamaa mpaka mdomo haufunguki vizuri.

Tena mwaka 1953 mtafiti Slaughter na wenzake walionyesha kwamba hata pale pembeni ya uvimbe wa saratani, seli zishabadilika. Ndo maana mtu anakatwa uvimbe vizuri kabisa, miaka inapita, unatoka mwingine jirani, watu wanasema daktari kaharibu wakati eneo lote lilishaguswa.

Ila p16 ina vituko vyake, kwenye saratani za koo zinazoletwa na virusi vya HPV, hasa za tonsili, yenyewe inapanda badala ya kushuka, na wagonjwa hao kwa kawaida wanaitikia matibabu vizuri zaidi. Kwa hiyo ukiiona kwenye ripoti ya mtu, uliza kwanza saratani iko wapi, kwenye ulimi au kooni.