Siku Mama Alipotoka Kwenye Kundi la Msiba

Juzi mtoto wa kaka yangu alikuwa kwangu anakula chakula cha mchana, kijiko mkono wa kulia, simu mkono wa kushoto. Akabonyeza mara mbili tatu, akailaza simu kifudifudi mezani, akasema, "Shangazi, nimetoka kwenye lile kundi la shule." Nikamuuliza wenzake wamesemaje. Akanitazama kwa mshangao. "Waseme nini? Siku hizi anaona adimini peke yake."

Ni kweli. Hadi 2022 ukiondoka kwenye kundi la WhatsApp jina lako lilitangazwa kwa wote, wa karibu na wa mbali. Mwezi wa Agosti mwaka huo wakatangaza mabadiliko: taarifa inamfikia msimamizi tu, na mwingine akitaka kujua nani katoka aende mwenyewe kutazama orodha ya waliotoka ndani ya siku 60. Binti alimaliza wali wake akahamia habari nyingine. Mimi nilibaki na Mama kichwani, mwaka 2019, pale Kireka, Uganda.

Tulikuwa tumemsafirisha Afande, ndiye baba yetu, polisi mstaafu, kwenda kumzika kwao Arua. Kundi lilifunguliwa usiku ule ule alipofariki. Aliyelifungua ni Baba Mdogo, akaliita MSIBA WA AFANDE, akaweka ile picha ya baba akiwa na sare, kofia imeinama upande mmoja, uso wa mtu anayejizuia kucheka. Kufika asubuhi lilikuwa linakaribia kujaa, na wakati huo mwisho wa kundi ulikuwa watu 256. Walikuwemo ndugu wa Arua, ndugu za Mama wa Tororo, watoto tuliokua nao kwenye kambi ya polisi Nsambya, wastaafu wenzake, mpaka mafundi waliowahi kutujengea. Kiswahili ndicho kilichowaweka pamoja, kama kilivyotuweka sisi nyumbani siku zote.

Lilifanya kazi kubwa, na sitalisema vibaya. Mabugo, yaani michango ya msiba, yalikusanywa humo, kila anayetuma akikumbushwa aweke na ya kutolea. Humo ndimo yalipopangwa mabasi, jeneza, turubai, nani anatangulia na nani anangoja maiti itoke hospitali. Tulivuka daraja la Karuma alfajiri, na simu ya Baba Mdogo ilikuwa inaita kila upande kwa watu wanaouliza tumefika wapi. Bila kundi lile tusingemfikisha baba yetu kwao kwa heshima ile.

Matanga yakaisha, kundi halikuisha.

Lilianza na sala za kusambaza kwa watu kumi. Yakafuata matangazo: viwanja, vifaranga, dawa ya presha, mtu anauza friji. Siasa nayo ikaingia, na wazee wawili wakakorofishana humo hadi usiku wa manane. Na kila ujumbe ulikuja na uso wa baba pembeni, kwa sababu picha ya kundi ndiyo picha yake. Mama alikuwa akiona ule uso anafungua, akidhani kuna mtu anampa pole. Anakuta bei ya vifaranga.

Na alikuwa analipa ili akute hivyo. Ndiyo miaka ile ya OTT, kodi ya mitandao iliyoanza Julai 2018, shilingi 200 kwa siku kabla hata hujanunua bando. Vijana wengi waliikwepa kwa VPN, programu ya kuficha mtandao unaoutumia. Nilimwambia Mama nimwekee, akakataa kabisa. Mke wa polisi hakwepi kodi. Akawa analipa. Siku ambazo hakuwa na hiyo mia mbili, ujumbe ulijikusanya huko ulikolala, na kesho yake akilipa ukamwagika wote kwa mkupuo, simu ikitetemeka mpaka inasogea kwenye meza.

Nikamshauri tulinyamazishe. Enzi hizo ulichagua muda wa saa 8, wiki 1 au mwaka 1. Nikamchagulia mwaka.

"Na mwaka ukiisha?" akaniuliza. "Tunaanza kufiwa upya?"

Sauti ikakoma kweli, lakini kundi lenyewe lilikuwa bado pale pale. Nikalificha kwenye kumbukumbu, na hapo nikajua kwamba (siku hizo) ujumbe mpya ukiingia kundi lililofichwa linarudi juu kabisa. Kila asubuhi baba alikuwa juu ya orodha, na chini ya uso wake kiwanja cha Matugga.

Siku ninayotaka kuisimulia ilikuwa jioni. Mama ameketi kwenye mkeka mlangoni, ungo mapajani, anachagua maharagwe. Simu ilikuwa juu ya kigoda. Ikawaka bila sauti. Akafuta mikono kwenye leso, akavaa miwani yake, ile ambayo mkono mmoja umefungwa kwa uzi mweusi, akasoma. Akarudia. Kisha akaniita.

"Njoo unisomee hapa."

Katikati ya ukurasa palikuwa na kimstari kidogo cha kijivu. Kilisema Baba Mdogo amebadilisha jina la kundi, kutoka "MSIBA WA AFANDE" kuwa "HARUSI YETU DESEMBA". Majina yote mawili kwenye mstari mmoja, yametenganishwa na neno "kuwa". Chini yake mstari mwingine: amebadilisha picha ya kundi. Nikatazama juu. Pale kwenye kiduara alipokaa baba na kofia yake alikuwa sasa mtoto wa Baba Mdogo na mchumba wake, wamesimama mbele ya maua, wamependeza. Pongezi zilikuwa zimeanza kumiminika, na mioyo mekundu. Halafu ikaja orodha ya ahadi za michango, imepangwa kwa namba. Namba ya sita: Mama Afande. Mbele ya jina lake pako wazi.

Mama alipandisha ukurasa kwa kidole, taratibu, akirudi nyuma, nyuma, akitafuta kitu.

"Picha ya baba yenu wameipeleka wapi?"

Nikamwambia haijapotea, ninayo kwenye simu yangu, na kaka anayo.

"Sijauliza kama unayo."

Akakaa kimya na simu mkononi. Mle kundini orodha ilikuwa inatumwa upya kila mtu anapojiandika, na kila ikija jina lake linakuja nayo na ule uwazi mbele. Akasema nimwandikie maneno. Nilipoishika simu akanyoosha mikono kuidai tena. "Lete. Nitaandika mwenyewe."

Alikuwa anaandika kwa kidole kimoja. Simu ikawa inambadilishia maneno. Alipoandika "nyote" ikamgeuzia neno la Kizungu, akalifuta herufi moja moja, akaandika tena, ikageuza tena, akafuta tena. Sikuthubutu kumsaidia. Hatimaye simu ikakubali. Aliandika hivi: "Asanteni nyote mlionisaidia kumzika mume wangu. Mungu awalipe. Harusi njema. Mimi natoka."

Akatuma. Kisha akaniuliza pa kubonyeza.

"Mama, ukitoka wote wataona."

"Kwani niliingia kwa kujificha?"

Nikamwonyesha. Simu ikauliza kama ana hakika, kama zinavyouliza, naye akabonyeza kwa nguvu, vile wazee wanavyobonyeza. Pale chini pa kuandikia pakabadilika pakawa maelezo kwamba hawezi tena kutuma ujumbe humo kwa kuwa si mwanakundi. Akapagusa mara moja, kuhakikisha. Mimi kwenye simu yangu niliona ule mstari mwingine wa kijivu: Mama ameondoka. Pongezi zilikatika. Kwa muda mrefu hakuna aliyeandika kitu.

Simu ya kwanza ilitoka Arua, shangazi yangu. "Wifi, nani amekukosea?" Mama akamwambia hakuna. "Sasa unatoka kwa watu, kesho nani atakuzika?" Mama akajibu atakayejua kwamba amekufa. Baada ya shangazi akapiga mke wa mstaafu mmoja, jirani yetu wa zamani kambini, na huyo hakuuliza lolote kuhusu kundi. Walizungumza habari za baba, nikamsikia Mama anacheka. Wakapiga wengine. Usiku huo huo Baba Mdogo akamrudisha kundini. Mama akatoka tena, safari hii bila kuandika neno.

Jumapili Baba Mdogo akaja. Alikunywa chai kwanza. Akasema, "Shemeji, mimi niliona watu wote wako humo tayari. Kuanza kuingiza watu mia mbili upya, mmoja mmoja..." Hakuwa na ubaya moyoni, na ninaamini hivyo mpaka leo. Ndiye aliyelala kwenye bodi ya gari pembeni ya jeneza la kaka yake hadi Arua. Mama akamwambia, "Ungenipigia tu. Ungesema, shemeji, naomba nimtoe kaka. Ningekuruhusu." Baba Mdogo akainamisha kichwa. Jioni ile akafungua kundi jingine la harusi, na la zamani akalirudishia jina lake na picha yake. Mimi bado nimo. Hakuna anayeandika humo.

Mama alikwenda harusini Desemba. Mchango wake aliupeleka mwenyewe, ndani ya bahasha, akampa bwana harusi mkononi, na alicheza mpaka viatu akavivua.

Sasa huyu binti ananiambia unaweza kutoka na wote wasijue. Ninaelewa raha yake. Kuna makundi ambayo mimi mwenyewe nimeyatoka hivyo na nikapumua. Lakini ninajiuliza Mama angepata nini kama angetoka kimya kimya jioni ile. Pengine amani tu, na pengine ndiyo aliyoihitaji. Ila Baba Mdogo asingekuja kunywa chai, na ile simu ya mke wa mstaafu isingepigwa. Nalifikiria hili na sipati jibu moja.

Kwa sababu kuna upande wa pili pia. Kundi la harusi, sherehe ilipopita, ndilo likawa la ukoo, na Mama hayumo. Kwa kawaida hapitwi. Kukiwa na msiba mtu humpigia, na mara nyingi mimi nikimpigia kumweleza nilichosoma nakuta ameshajua, ameshaanza kutafuta nauli. Mwaka jana lakini alifariki binamu wa baba, mzee aliyekuwa anatuletea asali tukiwa wadogo. Taarifa iliwekwa kundini usiku, kila mtu akadhani mwenzake amempigia Mama Afande. Mimi nilikuwa safarini, simu haina chaji. Alipopata habari mazishi yalikuwa yamekwisha. Alipanda basi hivyo hivyo, akakaa na wafiwa siku kadhaa, akarudi.

Nilimuuliza kama nimwombe Baba Mdogo amwingize. Akasema atafikiria. Nimemkumbusha tena mwezi uliopita, akasema bado anafikiria.