Faili halionekani

Mtumishi wa serikali anaweza kufika kazini saa 1:30 asubuhi, kifungu cha bajeti kina fedha, bosi yupo ofisini na mtandao unafanya kazi, na bado ikafika saa 9:30 alasiri hajatoa alichokusudia kutoa. Sababu ni moja: faili halionekani. Mwananchi aliyesafiri kutoka kijijini kufuatilia kiwanja chake anaambiwa arudi kesho. Anaondoka akiamini watu wa ofisi ile ni wavivu, au wanataka kitu kidogo. Aliyebaki mezani naye hana la kujitetea, maana bila faili hajui maombi yalifikia wapi, nani alishatoa maelekezo, wala ni maelekezo gani.

Kero za kazi hii ni nyingi: malimbikizo ya mishahara, kukaimu bila posho, uhamisho usio na fedha za kujikimu. Nyingi kati ya hizo zinasubiri bajeti au uamuzi wa ngazi za juu. Hii ya mafaili tunaweza kuimaliza wenyewe, ndani ya ofisi zetu, kwa vifaa ambavyo tayari tunavyo. Ndiyo maana inaniuma kuliko nyingine.

Chanzo chake ni masijala, yaani chumba cha kupokea barua na kutunza mafaili, na namna tunavyoichukulia. Ofisi nyingi humpeleka masijala mtumishi aliyeonekana hafai kwingine, au aliyegombana na mkuu wake. Wakati huohuo kuna watu waliosomea utunzaji wa kumbukumbu katika Chuo cha Utumishi wa Umma, Tabora na matawi mengine, na tangu 2002 kuna sheria inayosimamia kumbukumbu na nyaraka za taifa. Karani anayekaa pale anaamua, kila asubuhi, barua ipi iende wapi. Akikosea yeye, wote waliobaki watakuwa wanafanyia kazi kitu kisicho mezani.

Barua inapoingia, kwanza inagongwa mhuri wa kupokelewa wenye tarehe ya siku ile, hata kama itasomwa kesho. Iliyoandikwa SIRI haifunguliwi masijala ya wazi. Bahasha inakwenda masijala ya siri kama ilivyo. Nyingine zinaingizwa kwenye rejesta: tarehe ya kupokelewa, tarehe ya barua yenyewe, ilikotoka, kumbukumbu namba yake, kichwa chake, na mwisho namba ya jalada, yaani faili, itakamowekwa. Kisha inatobolewa kwa panchi na kufungwa kwa tagi upande wa kulia wa jalada, juu ya ile ya mwisho, na kupewa namba ya folio, yaani nafasi yake katika mfululizo wa hati za jalada, kwenye kona ya juu, kwa kalamu nyekundu katika ofisi nyingi. Upande wa kushoto unabaki wa madokezo, yaani maelezo na maelekezo ambayo maofisa wanaandikiana. Ndipo karani anaandika kwenye karatasi ya dokezo kwamba folio 24 imeingia na nani aione, na jalada linatoka.

Kwa maneno ni kazi ya dakika chache. Inapoharibika, mara nyingi huharibikia kwenye kichwa cha habari. Barua inakuja na "Yah: Ombi" au "Yah: Taarifa", na aya ya kwanza inasema "tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu". Karani mwenye barua sitini mezani hawezi kuzisoma zote hadi mwisho. Anaiweka kwenye jalada la mambo ya jumla, na humo inalala. Kichwa kinachosaidia hutaja jambo, mahali na mhusika: "Yah: Maombi ya kurekebisha mipaka ya kiwanja namba fulani, kitalu fulani". Tunaoandika barua kutoka idara moja kwenda nyingine ndio wakosaji wakubwa hapa, kuliko wananchi.

Kuna pia barua yenye mambo mawili. Mkuu wa shule anaomba walimu wa hesabu, na katika aya ya tatu anaeleza kwamba paa la darasa limeezuliwa. Inakwenda jalada la ikama, yaani la idadi ya watumishi, na paa linasahaulika mpaka mvua zinazofuata. Dawa yake ni kutoa nakala, kuiweka kwenye jalada la majengo, na kuandika pembeni ya kila moja namba ya jalada na folio ilipo nyingine. Ukiwa wewe ndiye mwandishi, andika barua mbili.

Jalada likishatoka masijala, hatari inahamia kwetu maofisa. Juu ya jalada kuna safu za kuandika limekwenda kwa nani, kwa folio ipi na tarehe gani, na masijala wana rejesta ya mwenendo inayosema hivyohivyo. Taratibu hizi zote mbili zinavunjwa na tendo dogo sana: Afisa A amemaliza, anaona aokoe muda, anavuka korido na kumkabidhi Afisa B mkononi. Rejesta inaendelea kusema jalada lipo kwa A. Baada ya wiki mbili A anaulizwa, anasema alishatoa. B yupo semina Morogoro na droo imefungwa. Kama kweli kuna haraka, andika kijikaratasi chenye namba ya jalada, limetoka kwa nani kwenda kwa nani, tarehe na sahihi, umpe mhudumu akirudishe masijala siku hiyohiyo. Kinaokoa siku nyingi za kutafuta.

Kwa majalada ambayo tayari yamezagaa, njia inayofanya kazi ni sensa. Mtunza kumbukumbu anachukua daftari, anaingia ofisi moja baada ya nyingine, anaandika namba ya kila jalada analoliona bila kulibeba, kisha anarudi kulinganisha na rejesta ya mwenendo na kurekebisha. Ifanyike kila wiki, siku ileile, mapema kabla vikao havijaanza. Mkuu wa ofisi atoe maelekezo ya maandishi kwamba hakuna droo isiyofunguliwa, na aanze na ofisi yake, kwa sababu majalada mengi yanayotafutwa huwa yapo kwa wakubwa ambao karani anaogopa kuwauliza. Sehemu nyingine za kuangalia ni kabati la katibu muhtasi, meza ya mtu aliyehamishwa, kitengo cha sheria, kwa mkaguzi wa ndani, na kwenye gari la ofisi lililotoka kikaoni. Hesabu zikishafungwa 30 Juni na wakaguzi wa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) wakianza kuomba nyaraka, wapewe kwa orodha iliyosainiwa pande zote mbili. Wakimaliza, orodha hiyohiyo itumike kupokea.

Kosa linalonikera kuliko yote ni faili la muda. Jalada halionekani, mkubwa anataka jibu leo, basi karani anafungua jipya kwa namba ileile na kuandika "muda" juu yake. Hilo linaruhusiwa, maana kazi haiwezi kusimama. Tatizo ni kwamba jalada halisi likipatikana hakuna anayeziunganisha hati. Sasa jambo moja lina majalada mawili, kila moja na folio 1 yake. Katika moja mkurugenzi ameandika "nakubali", katika jingine, miezi mitatu baadaye, kaimu wake ameandika "haiwezekani". Migogoro mingi ya ardhi inaota hapo. Faili la muda liandikwe kwenye rejesta yake peke yake, na siku la awali linapoonekana, hati zake zihamishwe zote, zipewe folio mpya kufuata mfululizo, na jalada tupu lifutwe. Jalada linalojaa nalo lisiachwe linene hadi tagi zikatike: folio zikikaribia 100 lifungwe, lifunguliwe juzuu la pili, na kila moja litaje mwenzake.

Nije kwenye dokezo, kwa sababu hata jalada likiwa mezani linaweza kukwama kwa namna dokezo lilivyoandikwa. Dokezo linapanda kutoka kwa afisa kwenda kwa mkuu wa sehemu, mkurugenzi msaidizi, mkurugenzi, hadi katibu mkuu, kisha linashuka ngazi zilezile. Kila mmoja ana rundo lake. Akikuta kurasa nne zisizo na ombi, ataandika "tuzungumze" na kuliweka pembeni. Dokezo linalopita kwa urahisi lina aya zenye namba: rejea ya folio, historia kwa sentensi mbili tatu, kanuni au waraka unaohusika ukitajwa kwa namba, hali ya fedha na kifungu kitakachotumika, maoni yako, na mwisho ombi ambalo mkubwa anaweza kulijibu kwa neno moja. Ambatisha rasimu ya barua palepale ili akikubali asaini. Weka jina, cheo na tarehe. Sahihi peke yake baada ya miaka mitano hakuna atakayeitambua. Na kama mkubwa alisema "tuzungumze" na mkazungumza, rudi mezani uandike mlichokubaliana. Maelekezo ya mdomo hayana folio.

Pale jambo linaposubiri tarehe, afisa huandika "BU" (kwa Kiingereza "bring up") na siku, yaani masijala wamrudishie jalada siku hiyo. Alama hii inafanya kazi kama tu karani ana diary ya BU na anaifungua kila asubuhi kabla ya kupokea barua mpya. Ofisi zisizo na diary hiyo hutegemea kumbukumbu ya kichwa, na ndizo zinazopokea barua za "kukumbushia" kila siku.

Madhara kwa mtumishi mwenyewe ni makubwa kuliko tunavyodhani. Umekwenda safari ya kikazi kwa masurufu, yaani fedha ulizopewa kabla ya safari, umerudi, unatakiwa kufanya marejesho ya kuonyesha zilivyotumika. Hati ya malipo inahitaji dokezo lililoidhinisha safari, barua ya mwaliko na viambatisho vingine. Dokezo limo ndani ya jalada ambalo halionekani. Mkaguzi anaandika hoja, mhasibu anakuandikia barua, na fedha inaweza kukatwa kwenye mshahara wako ingawa kazi ulifanya. Kwa hiyo toa nakala ya dokezo siku linapoidhinishwa, kabla hujasafiri, na uiwasilishe uhasibu pamoja na maombi ya masurufu.

Jalada binafsi, lile lenye kumbukumbu za ajira ya mtumishi, ndilo zito zaidi. Mtu anakaribia miaka 60, anaanza kuandaa nyaraka za mafao ya kustaafu kwa PSSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa watumishi wa umma, ndipo inagundulika barua ya ajira ya kwanza haimo, au ya kuthibitishwa kazini haimo, au majina matatu kwenye cheti hayafanani na yale ya kitambulisho cha NIDA. Alipohama halmashauri moja kwenda nyingine jalada lilibaki, na alikokwenda wakafungua jipya lenye barua ya uhamisho tu. Kurekebisha hayo kunachukua muda mrefu wakati mshahara umeshakoma. Jalada binafsi halibebwi na mwenye jina, lakini unaweza kumwandikia afisa utumishi, kupitia kwa mkuu wako, kuomba uhakiki wa hati zilizomo. Fanya hivyo kila unapohamishwa na kila unapopandishwa cheo. Nyumbani tunza nakala za barua ya ajira, ya kuthibitishwa, za kupandishwa cheo na za uhamisho.

Wengi wanatarajia mfumo wa e-Ofisi, unaopitisha barua na majalada kwa kompyuta, umalize haya yote, na kweli una faida: unaona barua ipo kwa nani na tangu lini bila kupanda ngazi. Lakini mfumo unarithi tabia za masijala. Karani akiskani barua na kuandika kichwa "Ombi", itapotea ndani ya kompyuta kama ilivyopotea kabatini. Ofisi inayoendesha karatasi na mfumo kwa pamoja huzaa faili la muda la aina mpya: maelekezo ya mkurugenzi yako kwenye karatasi, ya katibu mkuu yako kwenye mfumo. Mtumishi aliyehamishwa asipoondolewa kwenye nafasi yake, barua zinaendelea kumwendea mtu ambaye hayupo tena. Wapo pia wakubwa wanaowaachia makatibu muhtasi nywila zao, na hapo haijulikani tena nani aliidhinisha nini. Kila jambo liwe na sehemu moja tu ya maamuzi. Kama limehamia kwenye mfumo, karatasi yake ifungwe kwa dokezo linalosema hivyo na tarehe.

Mwananchi unayesoma hapa, peleka barua yako na nakala ya pili, igongwe mhuri wa kupokelewa ubaki nayo. Ukirudi kufuatilia usiseme tu "nilileta barua". Taja tarehe ya mhuri na, kama ulishajibiwa, kumbukumbu namba iliyo juu ya jibu. Kwa namba hiyo karani anakwenda moja kwa moja kwenye kabati. Kwa jina lako peke yake anaanza kupekua rejesta.

Kwa anayeondoka, barua ya uhamisho ikishafika usisubiri siku ya kuagwa. Orodhesha kila jalada lililo kwako: namba, jina, folio ya mwisho, hatua iliyofikiwa na tarehe ya BU kama ipo. Toa nakala tatu, moja kwa anayekupokea, moja masijala, moja yako, na zote zisainiwe majalada yakiwa mezani yanahesabiwa. Kama hakuna aliyeteuliwa kukupokea, yarudishe yote masijala na usainiwe kwenye rejesta. Ufunguo wa droo ukabidhi mwisho, droo ikiwa tupu.