29 Agosti si ya Michael Jackson peke yake

Kila ikifika 29 Agosti mtandao unajaa picha za Michael Jackson, kofia nyeusi, glavu moja, soksi zinazometameta, na watu wanamuandikia hepi besdei mfalme wa pop hadi usiku wa manane. Anastahili kabisa, na mimi pia naposti. Ila hii tarehe jamani ina mambo, ukianza kuichimba unakuta vitu vikubwa vya muziki vimerundikana hapo siku moja, na kuna mtu mmoja katikati yake ambaye naona tunamnyima haki yake kila mwaka. Ntafika kwake, tuanze na Michael.

Alizaliwa 29 Agosti 1958 huko Gary, Indiana, mji wa viwanda vya chuma, baba yake Joseph akiwa anaendesha kreni kiwandani. Walizaliwa watoto kumi, mmoja akafariki mara tu baada ya kuzaliwa, na Michael ni wa nane. Familia yote hiyo imebanana kwenye kanyumba ka vyumba viwili vya kulala. Sasa kuna kitu huwa kinanigusa sana. Mama yake, Katherine, ni Shahidi wa Yehova, na Mashahidi wa Yehova hawasherehekei siku za kuzaliwa. Yaani huyu mtu ambaye besdei yake inajulikana dunia nzima amekulia kwenye imani isiyo na keki wala mishumaa. Alijitoa kwa Mashahidi mwaka 1987, mwaka huohuo aliotimiza miaka 29 tarehe 29, na siku mbili baadaye, 31 Agosti, albamu ya Bad ikaingia sokoni.

Habari za enzi za albamu ya Thriller mnazijua, siwachoshi, Michael akabeba tuzo 8 za Grammy usiku mmoja mwaka 1984, na zile sekunde chache za moonwalk zilizorushwa kwenye runinga Mei 1983 ambazo hadi leo watoto wanajaribu kuziiga sebuleni wakiwa na soksi. Ila nyuma ya albamu za Off the Wall, Thriller na Bad alikuwepo prodyuza mmoja, Quincy Jones. Na Quincy kabla ya kukaa studio na Michael, miaka zaidi ya ishirini nyuma, akiwa kijana mdogo tu, alikuwa anapanga muziki wa mwanamke mmoja ambaye naye, sikilizeni hii, alizaliwa 29 Agosti.

Dinah Washington. Huyu ndo niliyekuwa namsema.

Jina lake la kuzaliwa ni Ruth Lee Jones, kazaliwa Tuscaloosa, Alabama mwaka 1924, familia ikahamia Chicago akiwa mdogo, akakulia kanisani akiimba na kupiga piano, akaimba gospo na kundi la Sallie Martin, halafu mwaka 1943 akachukuliwa na bendi ya Lionel Hampton na hapo ndo akaja kuwa Dinah Washington. Walimwita malkia wa blues lakini kiukweli hilo jina linambana, kwa sababu aliimba blues, akaimba jazi, akaimba nyimbo za mapenzi zenye fidla za huzuni, akachukua hadi nyimbo za kantri akazigeuza zikawa zake. Mwaka 1955 Quincy alikuwa na miaka 22 tu alipompangia muziki wa albamu yake. Na mwaka 1959 ukatoka ule wimbo wa What a Diff'rence a Day Made, ukampa Grammy.

Nendeni mkausikilize huo wimbo kwa hedifoni. Zile fidla zinaingia laini sana, kila mtu angetegemea sauti laini pia, halafu Dinah anaingia na sauti yenye makali, kila neno limekatwa safi hadi herufi ya mwisho, hakuna neno linalomezwa. Halafu anachelewa kidogo nyuma ya mapigo, kidogo tu, unasikia bendi imeshafika yeye bado hajafika, na ghafla yupo palepale anapotakiwa. Waimbaji wengi wakubwa wa soul wamejifunza hapo. Aretha Franklin mwaka 1964 alitoa albamu nzima ya kumuenzi. Maana Dinah alikuwa keshafariki, 14 Desemba 1963, akiwa na miaka 39 tu. Miaka 39! Na kwenye zile orodha za waliozaliwa leo utamkuta kakaa chini kabisa, au hayupo.

Na bado haijaisha. Kuna wa tatu, Charlie Parker, 29 Agosti 1920, Kansas City, ile ya upande wa jimbo la Kansas. Mpiga saksafoni, walimwita Bird. Inasimuliwa kwamba akiwa kijana wa miaka kama 16 hivi alipanda kujaribu kupiga na wakubwa, akapotea katikati ya wimbo, mpiga dramu wa bendi ya Count Basie, Jo Jones, akachomoa toazi akalirusha sakafuni karibu na miguu yake, ukumbi mzima ukacheka. Dogo akaondoka kwa aibu, akaenda kujifungia na saksafoni yake. Miaka si mingi baadaye yeye na mpiga tarumbeta Dizzy Gillespie wakawa ndo wenye bebop, ile jazi ya kasi, na Novemba 1945 akarekodi Ko-Ko, kipande cha kama dakika tatu hivi kinachokwenda kasi ambayo hadi leo mwanafunzi wa saksafoni akikisikia mara ya kwanza anaweza kukata tamaa. Alifariki Machi 1955 hotelini New York, na daktari aliyeuangalia mwili akakadiria kwamba marehemu ana kati ya miaka 50 na 60. Alikuwa na 34. Heroini na pombe zilimla akiwa hai.

Sasa angalieni nyuzi zinavyofungana. Kwenye Ko-Ko anayepiga dramu ni Max Roach. Na Agosti 1954 Dinah alipoingia studio Los Angeles kurekodi albamu ya Dinah Jams, huku watu wamekaa humohumo studio wanashangilia, anayepiga dramu ni nani? Max Roach huyohuyo. Kwa hiyo Parker unafika kwa Dinah kupitia Max Roach, halafu kutoka kwa Dinah unafika kwa Michael kupitia Quincy. Watu watatu wa tarehe moja, na anayewaunganisha ni huyu dada ambaye hata hatumpostii. Mimi hiki kitu kilinifanya nikae kimya kwanza.

Halafu ukirudi nyuma zaidi, 29 Agosti 1831, London, kuna mtoto wa mhunzi anaitwa Michael Faraday (Michael mwingine!) yuko kwenye maabara ya Royal Institution ameshika pete ya chuma ya upana wa inchi 6 hivi. Ameizungushia waya upande mmoja, na waya mwingine upande wa pili, nyaya hizo hazigusani, kazitenganisha kwa kitambaa na nyuzi. Waya wa kwanza unaenda kwenye betri, wa pili unapita juu ya sindano ya sumaku. Akiunganisha betri sindano inacheza kidogo, halafu inatulia. Akiikata, inacheza tena. Basi, ni hivyo tu, sindano imecheza. Lakini kwa tukio hilo umeme umevuka kutoka waya mmoja hadi mwingine kupitia sumaku, na ile pete ndo ikawa transfoma ya kwanza. Jenereta zinazotupa umeme zimetoka kwenye kanuni hiyo. Na kwa sisi wa muziki kuna kubwa zaidi: ile maiki ya jukwaani inafanya kazi kwa kanuni hiyohiyo, sauti inatikisa kiwambo, kiwambo kinatikisa koili ndani ya sumaku, umeme unatoka. Gitaa la umeme hivyohivyo, nyuzi za chuma zinatikisika juu ya sumaku iliyozungushiwa waya. Bila ile sindano kucheza siku ile sijui hawa wote wangesikika wapi.

Ingawa kuna watu tarehe hiihii walikuwa na maiki na bado hawakusikika. 29 Agosti 1966 The Beatles walipiga shoo Candlestick Park, San Francisco, uwanja wa besiboli wa watu elfu 42 na zaidi, tiketi zilizouzwa ni kama elfu 25. Wakapiga nyimbo 11, nusu saa na dakika chache, wamemaliza. Mashabiki walikuwa wanapiga kelele kiasi kwamba bendi yenyewe haijisikii, na vyombo vya enzi hizo havikuwa na nguvu ya kushindana na uwanja mzima. Wenyewe walishajua kwamba hii ndo ya mwisho, mashabiki hawakuambiwa. Walipanda hadi na kamera wakajipiga picha jukwaani. Paul McCartney akamuomba ofisa habari wao, Tony Barrow, arekodi kwa kikaseti chake, na kile kikaseti upande mmoja ulikuwa wa dakika 30 tu, kwa hiyo wimbo wa mwisho, Long Tall Sally, ukakatika katikati tepu ilipoisha. Shoo ya mwisho ya kulipia ya The Beatles, na rekodi haina mwisho. Inauma kweli.

Na mwaka 2005, Jumatatu asubuhi, 29 Agosti, kimbunga Katrina kikatua Louisiana. Kuta za kuzuia maji New Orleans zikapasuka na karibu asilimia 80 ya mji ikawa chini ya maji, mji uleule jazi ilikozaliwa. Waliokufa kwa kimbunga hicho ni zaidi ya 1,300. Mwimbaji na mpiga piano Fats Domino, akiwa na miaka 77, aligoma kuondoka nyumbani kwake mtaa wa Lower Ninth Ward kwa sababu mke wake alikuwa mgonjwa. Kwa siku kadhaa hakuna aliyejua alipo, mtu akafika hadi kuandika kwa rangi kwenye nyumba yake kumuaga kana kwamba ameshakufa. Kumbe waokoaji walishamtoa. Lakini vitu vyake viliharibika, pamoja na medali ya taifa ya sanaa, na 29 Agosti 2006, mwaka mmoja kamili, Rais George W. Bush akaenda nyumbani kwake akampa nyingine.

Sitaki kuiruka ya 1949 pia, Wasovieti walilipua bomu lao la kwanza la nyuklia Semipalatinsk, Kazakhstan, siku hiihii, na uwanja huo wa majaribio ukaja kufungwa 29 Agosti 1991 baada ya milipuko zaidi ya 450. Ndo maana Umoja wa Mataifa umeifanya tarehe hii kuwa ya kupinga majaribio ya nyuklia.

Upande wa filamu nao wapo. Richard Attenborough, 1923, aliyeongoza Gandhi ikabeba Oscar 8. William Friedkin, 1935, mwongozaji wa The Exorcist. Na kwa vijana, Liam Payne wa One Direction, 1993, ambaye alifariki Oktoba 2024 akiwa na miaka 31, na mashabiki wake sasa wanaisubiri hii tarehe wakiwa na huzuni.

Ila wa filamu ninayemuweka juu ni mwigizaji Ingrid Bergman. Kazaliwa Stockholm 29 Agosti 1915, kafariki London 29 Agosti 1982, siku aliyotimiza miaka 67. Oscar tatu. Mwaka 1950 seneta alisimama kwenye Seneti ya Marekani kumshambulia kwa ajili ya mapenzi yake na mwongozaji Roberto Rossellini, akakaa nje ya Hollywood kwa miaka, na aliporudi na filamu ya Anastasia wakampa Oscar ya pili. Wengi wanamjua kwa Casablanca tu. Mimi nakwambia tafuta A Woman Called Golda, ya mwisho kabisa, aliyocheza kama Golda Meir, waziri mkuu wa zamani wa Israel, mwenyewe akiwa na saratani ya matiti na mkono umevimba, na bado hakuna mahali unaona anajihurumia. Walimpa Emmy akiwa ameshafariki, binti yake Pia akaenda kuipokea.