Siku Moja ya Mtunza Bustani Asiyetumia Sumu

Saa kumi na moja alfajiri ninachuja maji ya mwarobaini niliyoyaloweka usiku: nusu kilo ya mbegu zilizotwangwa kwa lita kumi za maji, pamoja na sabuni ya mche iliyokunwa ili dawa ishike majani. Wengi hutumia majani ya mti huo, nayo husaidia, ila nguvu kubwa imo katika mbegu. Ninachuja mara mbili kwa kitambaa, kwani chenga moja tu huziba bomba la kupulizia.

Saa kumi na mbili na nusu, Tabata, jijini Dar es Salaam. Sota, yaani viwavi wanaojificha udongoni, wamekata miche ya nyanya usiku. Ninafukua udongo kando ya kila shina lililoanguka, ninawatoa wakiwa wamejikunja, kisha ninaizungushia miche iliyobaki vipande vya karatasi ngumu. Saa tatu, Kinyerezi: ninaokota konokono na kupaka grisi upya kwenye vibao vya njano vinavyonasa inzi weupe.

Saa nne niko Mbezi Beach kwa mama mwenye bustani, na hapo ndipo siku inapokwama. "Shikamoo, mama." "Marahaba. Hiyo miti shamba yako haiui kitu." Jana alikuta vidukari, wadudu wadogo wanaofyonza utomvu, chini ya majani ya sukuma wiki, akachukua kopo la dawa ya mbu chumbani na kulipulizia tuta zima. Majani yameungua, na sasa anataka nimchumie yaliyobaki mazima kwa ajili ya chakula cha mchana. Ninamweleza kwamba dawa ile haikutengenezwa kwa mboga, wala kopo halisemi mtu angoje siku ngapi kabla ya kuvuna, kwa hiyo majani yote yang'olewe na kufukiwa. Anasema atayaosha kwa chumvi. Ninarudia. Ananiuliza nimesomea wapi. Ninarudia tena, nikiwa nimeshika jembe, jua likiwa utosini, hadi anaponiruhusu kung'oa huku akihesabu hasara kwa sauti.

Halafu ananivuta kwenye kunde ambazo hakuzifikia, ananionyesha vidudu vyeusi vyenye alama za rangi ya chungwa, mfano wa mamba wadogo, na kuniamuru niviponde. Hao ni watoto wa yule mdudu mwekundu mwenye madoadoa, na chakula chao ni vidukari. Wa kushughulikiwa ni sisimizi wanaopanda shinani, maana huwalinda vidukari ili wapate majimaji yao matamu. Ninamwaga majivu kuzunguka mashina, ninawafuta vidukari kwa maji ya sabuni, naye anasimama nyuma yangu akisubiri kuona wadudu wakianguka. Hata nitakapopulizia jioni, mwarobaini hauangushi mdudu papo hapo. Humnyima hamu ya kula na kumzuia kujivua gamba, na kazi hiyo huchukua siku kadhaa. Aliyezoea kuona mende chali sakafuni haamini.

Mchana sikumbuki vizuri saa zilivyokwenda. Nilikula chapati nikiwa nimesimama, nikabishana na konda aliyetaka nauli ya bomba langu, nikapalilia nyumba mbili nyingine. Nilirejea Mbezi jua lilipopoa, kwa kuwa jua kali huharibu mwarobaini upesi na jioni nyuki huwa wameshaondoka mauani. Nilipulizia kunde zote, hasa chini ya majani, mgongo ukiniuma. Mama alipokuwa akinilipa, aliniuliza kama kesho ningeweza pia kumwoshea gari.